Kabla hujalipia mtihani wa gredi: mwongozo kwa wanafunzi wa kinanda Mombasa

Mtoto wa Mombasa hukua na muziki masikioni. Kuna kasida za maulidi, chakacha za harusini, kwaya ya Jumapili na spika ya matatu ya Bamburi. Juma Bhalo na Zein l'Abdin wametangulia mbele ya haki, lakini sauti zao bado zimo majumbani. Ndiyo maana watoto wengi wa hapa wakikalishwa mbele ya kinanda huipata lahani kwa sikio kabla hawajajua noti hata moja inaitwaje. Kipaji hicho kina alama zake kwenye mtihani, na nitalifikia hilo. Shida ni kwamba mtihani wa gredi, yaani wa kupima ngazi ya mpigaji, huuliza mambo manne, na wengi hujiandaa kwa moja tu: wanakariri vipande vitatu vya muziki mpaka jirani anavijua, kisha wanaenda.

Nitafuata mtihani wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi na wazazi. Ina gredi 1 hadi 8, na chini ya gredi ya kwanza kuna hatua ya wanaoanza iitwayo Initial. Mfano wangu ni piano. Fidla, gita na filimbi zina mpangilio unaokaribiana na huo. Waimbaji, mahali pa skeli (noti zinazopanda na kushuka kama ngazi), huimba wimbo wa jadi bila kusindikizwa na chombo.

Hatua ya 1: Soma hesabu ya alama kabla ya kufungua kitabu

Mtihani mzima una alama 150. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, yaani 90. Skeli na apejio (noti za mpatano zikipigwa moja baada ya nyingine) zina 21. Kusoma noti papo hapo, yaani kupewa muziki ambao hujapata kuuona na kuupiga, kuna 21. Mtihani wa sikio una 18. Ukifikisha 100 umepita, 120 ni Merit (kupita vizuri), 130 ni Distinction (kupita kwa kiwango cha juu kabisa).

Kila sehemu ina kiwango chake cha kupita: 20 kwa kila kipande, 14 kwa skeli, 14 kwa kusoma noti, 12 kwa sikio. Ukijumlisha unapata 100 kamili. Lakini si lazima upite kila sehemu. Kinachotazamwa ni jumla, na hapo ndipo mpango mzuri unapoanzia.

Chukua watahiniwa wawili. Wa kwanza ana mkono mwepesi na vipande vyake vinampa 27, 26 na 25, jumla 78. Skeli hakuzishughulikia, amepata 9. Kusoma noti 8, sikio 8. Jumla yake ni 103, amepita kwa tundu la sindano. Wa pili hupiga kwa kawaida tu: 22, 22 na 21, jumla 65. Ila ana 17 za skeli, 17 za kusoma noti na 15 za sikio. Jumla 114. Ukiwasikiliza sebuleni utampigia makofi yule wa kwanza, na cheti cha yule wa pili kitakuwa na alama 11 zaidi. Mzazi akinijia na kuniambia, "Mwalimu, nyimbo zote tatu anazijua sasa, tumwandikishe," mimi huuliza habari ya skeli, na mara nyingi najibiwa kwa kimya.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: mtahini haanzi na 30 halafu akakata alama kwa kila noti uliyokosea. Anaanza kwenye alama ya kupita, 20, kisha anapanda au kushuka kwa kadiri anavyosikia. Anatazama mambo matano: usahihi wa noti, mapigo na mwendo, ubora wa sauti, namna unavyoipa lahani umbo lake, na uwasilishaji kwa jumla. Noti tatu zilizoteleza katika kipande chenye mwendo thabiti na sauti nzuri hazikuangushi. Kusimama, kurudi nyuma na kurekebisha ndiko kunakokugharimu zaidi, maana hapo mapigo yamekatika na umbo limevunjika kwa pamoja.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mtihani

Tangu 2020 ABRSM ina njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo niliyoeleza: unakaa chumbani na mtahini, ana kwa ana, na sehemu zote nne zinapimwa. Kwa gredi za chini mtihani wa piano huchukua kama dakika 12. Gredi ya 8 hufika kama dakika 30. Ya pili ni ya kurekodi video. Hapo hakuna skeli, hakuna kusoma noti, hakuna sikio. Unapiga vipande vinne, kila kimoja alama 30, na alama 30 za mwisho ni za onyesho zima kama onyesho. Vitatu vinatoka kwenye orodha za silabasi na cha nne unachagua mwenyewe. Alama za kupita, Merit na Distinction ni zile zile.

Njia ya video ilitufaa sana wakati wa korona na bado inatufaa, hasa kwa aliye mbali na kituo cha mtihani au anayetetemeka mbele ya mgeni. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba mtoto wa gredi 1 hadi 3 apitie njia ya ana kwa ana angalau mara moja. Skeli na kusoma noti humjenga kwa namna ambayo vipande peke yake havimjengi, na bila tarehe ya mtihani mbele yake ni wachache watakaozifanya kwa hiari. Mtu mzima anayefanya kazi bandarini na kupata saa moja usiku, huyo namwambia achukue video bila kuona haya.

Ziko bodi nyingine pia. Trinity College London hupima kwa alama 100: kupita ni 60, Merit 75, Distinction 87. Katika gredi zake za chini mtahiniwa huchagua majaribio mawili kati ya manne, na mojawapo ni kubuni muziki papo hapo. Aliyelelewa na taarabu ya udi na kanuni (ala za nyuzi), mwenye kujibu lahani kwa lahani, asiipite njia hiyo bila kuitazama. Rockschool ni ya gita la umeme, besi, dramu na mfano wa hayo. Uliza kwanza mwalimu wako ana uzoefu na bodi gani. Mwalimu anayeijua silabasi moja kwa undani ni bora kuliko bodi yenye jina kubwa.

Hatua ya 3: Chagua gredi, na uukumbuke ukuta wa gredi ya 5

Hakuna umri maalumu. Mtoto wa miaka saba na babu wa miaka sabini wanaweza kukaa gredi ile ile. Huhitaji pia kuanzia 1 na kupanda moja moja. Unaweza kuanza na 3 ikiwa uko tayari.

Kizuizi kiko juu. Kwa ABRSM huwezi kufanya gredi ya 6, 7 au 8 ya chombo kabla ya kupita gredi ya 5 ya nadharia ya muziki (au mojawapo ya mitihani michache inayokubalika badala yake). Nadharia ya gredi 1 hadi 5 hufanywa kwa kompyuta, ina alama 75, na kupita ni 50. Wengi husahau mpaka vidole viko gredi ya 6 na kichwa kiko gredi ya 2, halafu mwaka mzima unaenda kwa kusubiri. Mwanafunzi akifika gredi ya 3 ya piano, mwanzishie kitabu cha nadharia, hata kurasa mbili kwa wiki.

Kuhusu muda, ABRSM yenyewe hukadiria kazi nzima ya gredi ya 1 kuwa kama saa 60, ukijumlisha masomo na mazoezi ya nyumbani. Gredi ya 8 ni kama saa 360. Saa 60 kwa dakika 20 za kila siku ni siku 180, nusu mwaka. Anayekuahidi gredi ya 1 kwa mwezi mmoja, muulize mtoto atalala saa ngapi.

Hatua ya 4: Chombo na vitabu

Kinanda chepesi cha vibonye 61, kile cha kuchezea miondoko ya harusini, hakitoshi kwa mtihani wa piano. Unahitaji vibonye 88 vyenye uzito, vinavyotoa sauti ndogo ukigusa kidogo na kubwa ukigusa kwa nguvu, pamoja na pedali. Piano ya umeme ya namna hiyo inatosha kabisa kwa mazoezi, na kwa hali ya hewa yetu pengine ni salama zaidi. Piano ya mbao huteseka pwani: unyevu huvimbisha mbao, vibonye hukwama wakati wa masika, na hewa ya chumvi hula nyuzi. Ukiwa nayo, isogeze mbali na dirisha linaloelekea bahari na umwite fundi aitengeneze sauti kabla ya mtihani, si baada ya masika mbili.

Vitabu nunua halisi. Najua kila kona ya Mombasa ina duka la fotokopi, na najua bei ya kitabu kutoka nje. Lakini kupigia mtihani kwenye nakala isiyoruhusiwa ni kinyume cha kanuni. Kama kitabu kizima ni ghali, vipande vingi huuzwa kimoja kimoja mtandaoni kwa njia halali.

Silabasi ina orodha A, B na C, na unachagua kipande kimoja kila orodha. Kwa piano, A huwa na vipande vyepesi vya vidole, B vya kuimbisha, na C mchanganyiko wa mitindo. Usichague kinachovutia tu kwenye YouTube. Piga ukurasa wa kwanza wa vipande vinne au vitano kutoka kila orodha, kisha chukua ambacho mkono wako unakipokea. Mtoto mwenye viganja vidogo asipewe kipande cha oktava (umbali wa noti nane kwa mkono mmoja) kwa sababu mwalimu anakipenda. Angalia pia alama za kurudia: kwa kawaida marudio hayapigwi katika mtihani isipokuwa silabasi imesema, ila maagizo ya kurudi mwanzo kama da capo hufuatwa.

Hatua ya 5: Mpango wa wiki

Kwa dakika 30 za siku ya kawaida, ugawaji wangu ni huu: dakika 7 skeli, dakika 5 kusoma noti, dakika 15 vipande, na zinazobaki za sikio. Skeli mwanzo, kwa sababu zikiachwa mwisho haziguswi.

Skeli hupigwa bila kitabu. Mtahini ndiye anayeitaja, pamoja na mkono au mikono, nawe unaanza. Kwa hiyo kuzijua kwa mpangilio wa kitabu hakusaidii. Andika kila skeli kwenye kikaratasi, zitie kikombeni, na kila siku toa tano bila kuchagua. Piga polepole na kwa usawa. Haraka iliyojaa makwazo haina faida. Kabla ya kuanza, taja kimya kimya kidole cha kwanza na shapu au flati zake (alama za kupandisha au kushusha noti).

Kusoma noti papo hapo ndiko kunakowatisha wanafunzi wetu, na sababu yake inajulikana. Sikio likiwa zuri, jicho huwa vivu. Mtoto husikia mwalimu akipiga mara mbili, anakariri, na kitabu kinabaki pambo mbele yake. Wanakwaya nao wana hali yao: wengi wanasoma do-re-mi vizuri sana, lakini hawajazoea mistari mitano. Dawa ni moja kwa wote, kusoma kitu kipya kila siku, rahisi kuliko gredi yako kwa gredi mbili, na kutokirudia kesho. Vitabu vya zamani vya gredi za chini, vya kuazima kwa wenzako, ni hazina hapa.

Siku ya mtihani utapewa nusu dakika ya kuangalia kabla ya kupiga. Katika nusu dakika hiyo unaruhusiwa kujaribu kwa sauti, na bado wengi hukaa wamekunja mikono wakikodoa macho. Itumie hivi: tazama shapu au flati za mwanzo, tazama mapigo ni mawili, matatu au manne, weka vidole mahali pa noti ya kwanza, kisha jaribu pale panapoonekana pagumu. Ukishaanza, usisimame. Noti ikikosewa, iache iende zake.

Sasa sikio. Hapa mtoto wa Mombasa ana mtaji. Katika gredi ya 1 mtahini anapiga piano nawe unafuata mapigo kwa makofi na kusema kama ni ya mawili au ya matatu. Kisha anakupigia vipande vifupi vitatu nawe unavirudisha kwa kuimba, kama mwangwi. Halafu unasikia lahani fupi mara mbili, na ya pili imebadilishwa noti: useme badiliko liko karibu na mwanzo au mwisho. Mwisho anapiga muziki mfupi na kukuuliza kama ulikuwa wa sauti kubwa au ndogo, wa kuunganisha au wa kudokoa. Aliyezoea kuitikia kasida au kiitikio cha kwaya hurudisha mwangwi bila shida.

Tahadhari moja tu, kwa walioshiba taarabu ya udi. Udi hauna vizuizi shingoni, na maqamu (ngazi ya noti za muziki wa Kiarabu) kama rasti ina noti ya tatu inayokaa katikati ya kibonye kimoja na kingine cha piano. Mtoto aliyelelewa na sauti hiyo anaweza kuishusha noti ya tatu kidogo bila kujua. Mimi huiona kuwa dalili ya sikio tajiri, ila kwa mtihani fanyeni mwangwi mkiwa karibu na piano ili ajifunze kubadilisha sikio. Na asione haya kuimba: hapimwi uzuri wa sauti, bali kama noti ni ile ile.

Wiki tatu kabla ya siku, fanyeni mtihani wa kuigiza mbele ya mtu asiye mwalimu. Shangazi, jirani, imamu, mzee wa kanisa, yeyote mwenye uso wa kutocheka. Mtoto aingie, asalimie, arekebishe kiti, apige vyote bila kusimamishwa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kwa mtihani wa ana kwa ana, anayetoka Likoni avuke mapema kuliko anavyodhani inatosha; foleni ya feri haijui kuna mtihani. Anayetoka Mtwapa au Nyali aihesabu foleni ya daraja. Ukifika na nusu saa mkononi, vidole vinapata kupoa jasho.

Ndani, una haki ya kurekebisha kiti na kugusa kinanda kidogo. Unaweza pia kuchagua uanze na sehemu gani. Mimi hupenda mwanafunzi wa piano aanze na skeli, zimpashe vidole na kumwonyesha uzito wa vibonye vya chombo kigeni kabla ya kipande cha kwanza. Mtahini ataandika muda wote. Anaandika mazuri pia, na anaandika hata ukimya ukirefuka kati ya kipande na kipande. Mwambie mtoto hilo mapema, asije akadhani kila mstari ni kosa lake.

Kwa video, kazi kubwa ni kuutafuta ukimya, na Mombasa ukimya ni bidhaa adimu. Kanuni ni kwamba vipande vyote vinne virekodiwe kwa mfululizo mmoja, bila kukata wala kuunganisha. Tuktuk moja ikipiga honi katikati haikuangushi, lakini adhana ikianza ukiwa kwenye kipande cha polepole itakuondoa kwenye mwendo. Tazama saa za swala na uchague nafasi kati ya swala na swala. Katikati ya asubuhi siku ya kazi ni bora kuliko jioni, wakati watoto wamerudi kutoka shule na mpira umewashwa kibandani. Feni izimwe, maana simu huisikia kuliko wewe. Rekodini mapema kabla chumba hakijawa tanuri. Kama ni piano ya umeme, stima ikipotea mnaanza upya, kwa hiyo msiache kurekodi mpaka siku ya mwisho ya kutuma.

Simu iwe na chaji na nafasi ya kutosha, iwekwe kwenye kitu kisichoyumba, pembeni, ili mikono, uso na vibonye vyote vionekane. Izime simu zinazoingia. Nimeona rekodi nzuri ikikatwa na ujumbe wa M-Pesa. Tangaza unachopiga kama maelezo yanavyotaka, onyesha fomu ya orodha ya vipande, kisha piga. Rekodini mara mbili au tatu, si kumi. Baada ya ya tatu mtoto hapigi tena muziki, anapigana na kamera.

Hatua ya 7: Matokeo

Usisome jumla peke yake. Mtahini huandika maelezo, na kwenye mtihani wa ana kwa ana unaona alama za kila sehemu. Kama vipande viko juu ya 24 na kusoma noti ni 10, basi gredi inayofuata isubiri mpaka jicho lifike mkono ulipo. Kama ni kinyume, vidole vinahitaji muda na mwalimu apunguze haraka ya kupanda.

Aliyebaki chini ya 100 anaweza kurudia, na mara nyingi anaweza kurudia kwa vipande vile vile. Kwanza lakini tazama mwaka ulio kwenye jalada la silabasi. Ya piano miaka ya karibuni imekuwa ikitolewa kwa miaka miwili miwili, 2023 na 2024, kisha 2025 na 2026, na vipande hubadilika. Kama muda wa vipande vyako unakaribia kwisha, amua mapema: ujiandikishe haraka na hivyo ulivyo navyo, au ununue kitabu kipya na uanze upya polepole. Kwa aliyekosa alama chini ya tano, mimi ningemwandikisha haraka, nikaweka wiki zote zilizobaki kwenye skeli.